Tokyo Story na filamu tulivu: tutazame nini tena pamoja na wazazi wetu?

Mwana wa Pangani

Ndugu zangu wapenzi wa sinema, salaam. Naomba ushauri, lakini itanibidi nianze mbali kidogo ili ushauri nitakaopewa upate pa kukaa.

Mwezi uliopita mama yangu mzazi alikuja Dar es Salaam kutoka Pangani kupima shinikizo la damu, akakaa nyumbani kwangu siku kumi na mbili. Kwa kuwa mimi hutoka alfajiri na kurudi baada ya magharibi, muda wetu wa kuwa pamoja ulikuwa ule wa usiku tu, baada ya chakula, naye si mtu wa tamthilia za runinga. Husema watu wa humo wanapiga kelele mno kwa mambo madogo. Nilikuwa nimepata nakala ya filamu ya Kijapani iitwayo Tokyo Story, iliyoongozwa na Yasujiro Ozu mwaka 1953, ambayo nilikuwa nimesoma habari zake kwa miaka mingi bila kuitazama. Nilidhani nitaitazama peke yangu huku yeye akisuka ukili wake. Haikuwa hivyo. Baada ya dakika kumi aliuliza wale wazee wawili wanafungasha mizigo kwenda wapi, nikamweleza. Akauliza watoto wao ni wangapi, nikamweleza. Hatimaye nikawa namsomea kwa Kiswahili maandishi yote yapitayo chini ya picha, kwa saa mbili na robo, mpaka koo likanikauka.

Kwa wasioijua, kisa chenyewe ni chepesi hata mtu angeweza kukimaliza kwa pumzi moja. Mzee Shukichi na mkewe Tomi wanasafiri kutoka mji mdogo wa bandari wa Onomichi kwenda Tokyo kuwaona watoto wao. Mwana mkubwa ni daktari wa mtaani, naye kila akitaka kuwatembeza wazazi anaitwa na mgonjwa. Binti, Shige, ana saluni ya nywele, na mteja anapomuuliza wale wazee ni nani, anasema ni watu anaofahamiana nao kutoka shamba. Watoto wanachanga fedha kuwapeleka wazee kwenye chemchemi za maji moto za Atami, si kwa ajili ya kuwafurahisha tu, bali wapate nafasi nyumbani. Na huko wazee hawalali kwa kelele za wageni wanaocheza na kuimba usiku kucha. Anayewatendea wema wa kweli ni Noriko, mjane wa mwana wao aliyekufa vitani, ambaye si damu yao. Wanarudi kwao, mama anaugua, anafariki. Basi.

Mama yangu alisema mambo mawili ambayo sijayasahau. La kwanza alilisema mapema, naye akiwa ameketi mkekani na ukili mapajani: «Huyu anayepiga picha naye amekaa chini kama mimi.» Mimi nilikuwa nimesoma kurasa nzima kuhusu kamera ya Ozu inavyowekwa chini, usawa wa macho ya mtu aliyeketi sakafuni, na inavyokaa pale pale isitembee ila mara chache mno, mama aliliona hilo bila kusoma chochote. La pili alilisema pale Shige, mara tu baada ya mazishi, wakiwa bado mezani, anapoomba apewe vazi fulani la marehemu liwe ukumbusho. Mama aliacha kusuka akasema, «Hata udongo haujakauka.» Kisha akaniuliza kesho yake nitatoka saa ngapi. Nikamwambia saa kumi na moja na nusu, kama kawaida. Hakusema kitu.

Filamu hii imenikaa kifuani. Nimezoea filamu zenye mkasa, ambazo mtu akitoka kwenda msalani hurudi akiuliza nani ameshakufa. Hapa hakuna anayepaza sauti, hakuna mwovu, hata kifo cha mama hatukioni. Tunaona tu alfajiri ya bandarini na watu wamekaa kimya. Kwa nini basi inauma kuliko zile zenye machozi ya ndoo? Na la pili, mama anarudi mwezi ujao. Tutazame nini? Nataka kitu cha aina hii hii, cha watu wa nyumba moja na yale wanayoshindwa kuambiana, kisiwe cha kumchosha mama, wala kisiwe na mambo ya kunifanya nigeuze uso nikiwa naye chumba kimoja.

Mwalimu Mstaafu, Unguja

Mwanangu, umeandika vizuri, na mama yako ni mtazamaji hodari kuliko wengi wanaolipwa kwa kazi hiyo. Nifikishie salamu zangu kwake.

Ila mimi nitakupinga kidogo kuhusu hao watoto, maana naona umewahukumu kwa haraka, na pengine umejihukumu nawe. Nimeitazama filamu hii mara nne, ya kwanza nikiwa mama wa watoto wadogo na ya mwisho nikiwa bibi, na kila mara Shige amenipungukia ubaya. Mara ya kwanza nilimchukia pale alipomwambia mumewe asinunue vitafunio vya bei kubwa kwa ajili ya wazee. Mara ya nne niliona mwanamke mwenye duka, mwenye wateja wanaosubiri, anayehesabu kila senti katika nchi ambayo miaka minane tu kabla yake ilikuwa majivu, naye analia kwa kweli mama yake anapokata roho, kisha machozi yanakauka na anakumbuka lile vazi. Vyote viwili ni yeye. Ozu hakumtengeneza mchawi ili sisi tujione malaika.

Angalia pia yale yaliyofanyika kabla ya safari ya msiba. Simu ya maandishi, yaani telegramu, inapofika kwamba mama yuko mahututi, Shige na kaka yake wanashauriana kama wachukue nguo za msiba, na wanakubaliana kuzichukua, zikikosa kazi itakuwa heri. Noriko mwema hakuzichukua. Nani kati yao alikuwa na akili? Sisi huku tumeona mara ngapi mtu anapigiwa simu kwamba mzee hali yake si nzuri, naye, kabla hajauliza zaidi, anapitia dukani kununua bafta? Hatumwiti mwenye roho mbaya. Na mzee Shukichi mwenyewe, akiwa baa na rafiki zake wawili wa zamani, mmoja wao akimsema mwanawe ambaye hakufika mbali kama alivyotarajia, anakiri kwamba naye alitazamia makubwa zaidi kwa mwanawe, kisha anasema mzazi asitake mno. Usiku huo anarejeshwa na polisi akiwa amelewa, na kutokana na manung'uniko ya Shige tunajua kwamba zamani ulevi ulikuwa desturi yake. Kwa hiyo yule mzee mpole tunayempenda aliwahi kuwa baba wa namna nyingine, na binti yake anamkumbuka huyo.

Umeuliza kwa nini inauma. Mimi nadhani ni kwa sababu hatupewi mtu wa kumlaumu. Katika filamu yenye mwovu, uchungu wetu tunamtupia yeye na kurudi nyumbani wepesi. Hapa uchungu hauna pa kwenda, unabaki nasi. Tena Ozu hakuwahi kuoa, aliishi na mama yake mpaka bibi huyo alipofariki mwaka 1962, naye akafuata mwaka 1963, siku ile ile aliyotimiza miaka 60. Mtu aliyeishi hivyo angeweza kuwahubiria wana waliohama nyumbani. Hakufanya hivyo.

Sasa ushauri. Mimi nilikulia katika sinema za Kihindi pale Majestic, Vuga, tukitoka na nyimbo midomoni, kwa hiyo nilipoketi kwa mara ya kwanza kutazama Pather Panchali ya Satyajit Ray, ya mwaka 1955, nilisubiri wimbo uanze. Haukuanza. Ni familia ya kijiji cha Bengal: baba msomi asiye na kipato, mama aliyechoka, msichana Durga, mdogo wake Apu, na shangazi kikongwe aliyepinda mgongo, ambaye mama wa nyumba anamwona mzigo. Ray aliifanya kwa fedha za kuungaunga kwa muda wa karibu miaka mitatu, mpaka serikali ya West Bengal ilipomwokoa. Watoto wanakimbia katika nyasi ndefu nyeupe kwenda kutazama treni; ukiona hapo utaelewa kwa nini watu wanaizungumza mpaka leo.

Lakini mwambie mama yako ajiandae kwa sehemu moja. Durga anafariki kwa homa baada ya kunyeshewa, baba akiwa safarini. Baba anarudi bila habari, anaanza kutoa zawadi alizoleta, moja baada ya nyingine, mpaka anafikia sari aliyomnunulia Durga. Mama analishika lile sari, anafungua kinywa kulia, na sauti yake hatuisikii. Ray ameiondoa na kuweka mahali pake sauti ya ala ya nyuzi inayolia kwa juu kabisa. Nimeshahudhuria misiba mingi, na sijapata kukisikia kilio kikielezwa kwa usahihi kuliko pale ambapo kimenyamazishwa.

Mtazamaji Mkaidi, Nairobi

Nawaheshimu nyote wawili, hasa Mwalimu, shikamoo, lakini lazima mmoja wetu aseme kwamba si kila kimya ni dhahabu. Mimi nililelewa kwenye vibanda vya video, ambako DJ Afro alituhadithia filamu za Kimarekani na za Kichina kwa maneno ambayo bila shaka waandishi wake hawakuyaandika, na nashukuru kwa malezi hayo. Baadaye niliamua kujielimisha, nikaanza na filamu ambayo jopo la wahakiki wa jarida la Sight and Sound liliiweka nambari ya kwanza mwaka 2022, yaani Jeanne Dielman ya Chantal Akerman, ya mwaka 1975. Ni saa tatu na dakika 21 za mjane mmoja wa Brussels akipika, akitandika kitanda, akimenya viazi. Nililala alipokuwa akimenya viazi, nikaamka bado anamenya, na sikuweza kujua kama ni viazi vile vile.

Hoja yangu ni kwamba polepole ni chombo kama kingine chochote, na wako waongozaji wanaokitumia kuficha kwamba hawana la kusema. Mtu anasimama dirishani dakika nne, anatazama mvua, na sisi tunatakiwa tuamini kwamba moyoni mwake kuna bahari. Huenda kuna dimbwi tu. Ozu simhesabu humo, kwa sababu watu wake wanazungumza muda wote. Ni filamu ya maneno mengi kuliko mnavyoikumbuka, ila ni maneno ya hali ya hewa, vitafunio na ratiba za treni, na uchungu unapita katikati yake.

Kwa mama wa Pangani mimi napendekeza mtu wetu wa Afrika, tena kitu cha kuchekesha, kwa maana mnataka kumliza mama wa watu kila usiku wakati anatibiwa shinikizo la damu. Mtazameni Ousmane Sembène wa Senegal katika Mandabi, ya mwaka 1968, iliyozungumzwa kwa Kiwolof. Bwana Ibrahima Dieng, mzee mwenye majivuno, wake wawili na watoto saba, na asiye na kazi, anapokea hundi ya posta ya faranga 25,000 kutoka kwa mpwawe anayefagia barabara huko Paris. Za kwake mwenyewe ni 2,000 tu. 3,000 ni za dada yake, na 20,000 zilizobaki ni za kumwekea kijana. Lakini habari zinafika mtaani kabla fedha hazijatoka posta. Wake wanakopa mchele dukani kwa jina la hundi, majirani wanakuja kukopa, imamu naye haachi. Posta wanataka kitambulisho. Ili kupata kitambulisho anatakiwa cheti cha kuzaliwa. Ili kupata cheti anatakiwa ataje siku aliyozaliwa, na ni nani wa umri wake anayeijua? Kisha zinatakiwa picha, na mpiga picha naye ni tapeli.

Mtu yeyote aliyewahi kupanga foleni ofisi ya serikali akaambiwa arudi Jumatatu na nakala tatu, ataicheka kwa uchungu wa anayejuana nayo. Mwisho wake sitausema, ila kicheko kitamkauka. Nasisitiza kwamba hii nayo ni filamu ya nyumba moja na yale watu wasiyoambiana: tazameni wale wake wawili wanavyoiendesha nyumba kwa ujanja huku mume akiamini kwamba yeye ndiye bwana.

Mwalimu Mstaafu, Unguja

Marahaba, mwanangu. Mandabi nakubaliana nawe, na ningeitaja mwenyewe. Lakini kuhusu viazi umejifichua. Wewe hujawahi kuipikia nyumba miaka ishirini. Siku ya kwanza Jeanne anafanya kila kitu kwa saa yake, anazima taa kila anapotoka chumbani, viazi vinaiva kwa wakati. Siku ya pili kitu kinateleza, na viazi vinaungua. Anatembea nyumba nzima na lile sufuria mkononi, hajui alitue wapi. Kwa anayejua jiko, hilo ni tetemeko la ardhi. Nilipoiona sehemu hiyo niliinuka kutoka kitini. Wewe ulikuwa umelala.

Hata hivyo mwana wa Pangani asiiweke mbele ya mama yake, maana yule mjane hupata kipato chake kwa kupokea wanaume mchana, na sharti la kutogeuza uso litakuwa limevunjwa.

Msafiri, Maskati

Nimesoma yote haya usiku, baada ya zamu, na nimesita kuandika. Mimi ni mtu wa Mombasa, niko Maskati mwaka wa tisa sasa. Tokyo Story niliitazama peke yangu kwenye simu, chumba cha watu wanne, nikiwa nimejifunika shuka usoni ili wenzangu wasione.

Kila mtu huzungumza juu ya Shige na Noriko. Hakuna anayemzungumza Keizo, yule mwana mdogo anayefanya kazi ya reli Osaka, ambaye alichelewa. Anafika mama ameshafariki, uso umefunikwa, naye anaeleza kwamba alikuwa safari ya kikazi, kwamba telegramu haikumkuta, anaeleza na kueleza mbele ya watu ambao hawajamuuliza. Kisha wakati wa ibada, kasisi akiwa anapiga kile kigogo cha mbao, Keizo anatoka nje na kuketi peke yake. Noriko anapomfuata, anamwambia kwamba kila pigo la kile kigogo linamfanya amwone mama yake akizidi kuwa mdogo. Anajuta hakumtendea wema alipokuwa hai. Baba yangu alizikwa saa kumi alasiri, siku ile ile aliyofariki, kama desturi yetu, na ndege yangu ilitua kesho yake saa mbili asubuhi. Nilieleza na kueleza juu ya tiketi. Hakuna aliyeniuliza. Kwa hiyo mimi Keizo namjua.

Ninachokipendekeza ni Still Walking ya Hirokazu Kore-eda, ya mwaka 2008, nayo ni ndugu kabisa ya Tokyo Story, ila safari imegeuzwa: hapa watoto ndio wanaokwenda kwa wazazi. Karibu yote inapita kwa siku moja, usiku wake na asubuhi yake. Ndugu wanakusanyika kumkumbuka Junpei, kaka mkubwa aliyekufa maji akimwokoa mtoto asiyemjua. Mwana wa pili, Ryota, hana kazi na anaficha hilo. Amemwoa mjane mwenye mtoto, na wazazi wanampokea mkwe huyo kwa adabu ambayo ndani yake mna sindano. Baba ni daktari mstaafu anayejifungia chumbani ili aonekane ana shughuli. Mama, aliyeigizwa na Kirin Kiki, ambaye alifariki mwaka 2018, muda mwingi yuko jikoni: wanapukuchua mahindi, anayakaanga, mafuta yanarukaruka, na watu wazima wanakimbilia sahani kama watoto. Mtazamaji anaweza kukaa nusu saa akiamini kwamba hii ni filamu ya chakula.

Halafu anakuja mgeni. Ni Yoshio, yule mtoto aliyeokolewa, sasa kijana mnene, mwenye jasho, mwenye kazi za hapa na pale, ambaye kila mwaka hualikwa kuja kutoa heshima mbele ya picha ya marehemu. Anainama, anaomba radhi kwa kuwa hai, kwa namna fulani, miguu inakufa ganzi, anaondoka, nao wanamcheka. Usiku Ryota anamwambia mama yake kwamba imetosha, wamwache yule kijana, anateseka. Mama anafuma kwa sindano yake, hainui sauti, anajibu kwamba ndiyo sababu anamwita. Asiposahau yeye, na huyo asisahau. Mwaka ujao atamwita tena.

Nilisimamisha filamu hapo. Ni yule yule mama wa mahindi. Kore-eda aliiandika baada ya kumpoteza mama yake mwenyewe, na inaonekana alikataa kumfanya mama wa kwenye kadi ya pongezi. Upendo wake na ukatili wake vinatoka jiko moja.

Kwa kumsomea mama maandishi, hii ni rahisi kuliko ya Ray, kwa sababu wanazungumza polepole na juu ya mambo ya nyumbani, na haina aibu yoyote. Namshauri ndugu yetu aitazame kwanza peke yake. Si kwa ajili ya mama, kwa ajili yake mwenyewe.

Mchagga wa Marangu

Naongeza moja tu, kwa kifupi. This Is Not a Burial, It's a Resurrection, ya Lemohang Jeremiah Mosese, kutoka Lesotho, mwaka 2019. Bibi Mantoa, mwenye miaka 80, anamsubiri mwanawe wa mwisho arudi kutoka migodi ya Afrika Kusini, na badala yake inakuja habari ya kifo. Anapanga mazishi yake mwenyewe, maana hana tena anayemngojea, kisha anaambiwa kwamba bonde lote, pamoja na makaburi, litafunikwa na maji ya bwawa. Hapo mwanamke aliyetaka kufa anapata sababu ya kusimama. Kwa sisi ambao wazee wetu wamelala kihambani, yaani katika shamba la ukoo, hatua chache kutoka mlangoni, hiyo si hadithi ya mbali. Mna sehemu ambayo bibi amekaa peke yake akisikiliza matangazo ya vifo redioni, na nilimwona bibi yangu mzaa baba, na redio yake ya mkulima, saa ile ile ambayo hakuna mtoto aliyeruhusiwa kupita mbele yake.

Mwigizaji wake, Mary Twala, alifariki mwaka 2020. Ni nzito, na picha zake zimepangwa kama michoro, kwa hiyo ihifadhini kwa usiku ambao mama hajachoka.

Mwana wa Pangani

Nimerudi kutoa shukrani na habari. Mwalimu, salamu zimefika, na mama anakuitikia. Kuhusu Shige nimeyapokea, ingawa mama hajayapokea. Anasema vazi lingeweza kungoja arobaini.

Mama alirudi wiki iliyopita, na nilifuata ushauri wa ndugu yetu wa Maskati, pole sana kwa msiba, nikaitazama Still Walking peke yangu kwanza, kisha naye Jumamosi usiku. Mandabi tuliitazama Jumapili, akacheka mpaka akaangusha miyaa yake, na tangu siku hiyo kila nikimwambia fundi wa maji arudi kesho, mama ananiita Bwana wa Posta. Lakini ni hiyo ya Jumamosi ninayotaka kuieleza.

Mahindi yalimfurahisha. Alitaka kujua kama unga wake ni wa ngano au wa mchele, na sikujua. Yoshio alipoingia na kuanza kutoa jasho, mama alicheka kidogo, pamoja na wale ndugu. Ilipofika ile sehemu ya usiku, nilisoma maneno ya yule mama kwa sauti ya chini, nikasubiri aseme kitu kama alivyosema kwa Shige. Hakusema. Alisuka mpaka filamu ikaisha, akaikunja chane yake ya ukili, akaifunga, kisha akaanza kunisimulia habari ambayo sijawahi kuisikia katika miaka yangu thelathini na minane.

Alikuwa na kaka, jina lake nimepewa mimi, hilo nilikuwa nalijua. Na kwamba alikufa maji nje ya mlango wa mto Pangani, hilo pia. Nisilolijua ni kwamba walikuwa wawili katika ile ngalawa, na yule wa pili aliogelea akafika pwani. Kila Idi Mosi, baada ya swala, mtu huyo alikuja nyumbani kwa bibi na samaki mkubwa kuliko wote aliowapata wiki hiyo, na bibi alimkaribisha ndani, akamwekea sinia, akaketi mbele yake mpaka amalize. Hakumruhusu kubakiza. Ilikuwa hivyo kwa miaka kumi na saba, na siku bibi alipofariki, mtu huyo alichukua jembe akachimba kaburi bila kumpokeza mwingine.

Nilimuuliza mama kama bibi alikuwa akimfadhili au akimwadhibu. Mama alisema swali hilo waliulizana yeye na dada zake jikoni kila Idi, wakipakua, na kwamba bibi alikuwa akiwasikia, na hakuwahi kugeuka.